Shamba la Baba Kule Mwakiro

Gitega, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku mlimani, ambako leo tumeamka na ukungu mzito hata mnara wa simu hauonekani. Mimi sijambo. Kifua kilichonisumbua wakati wa kiangazi kimepona chenyewe. Natumaini mguu wako umetulia, na kwamba mdogo wangu Fredi anakuchotea maji bila kukumbushwa. Wasalimie majirani wote, na yule bibi wa Kiha anayekuuzia mawese mwambie sijamsahau.

Utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Lakini simu yako, mama, si yako peke yako. Nikipiga unaiweka sauti ya juu, na kila aliyekaa mkekani ananiuliza hali kwa zamu yake mpaka vocha inakwisha. Haya ninayokuandikia ningependa Fredi akusomee mlango ukiwa umefungwa. Barua inaletwa na Othmani, mtoto wa mama mwenye nyumba ninayokaa, ambaye huvuka mpaka wa Manyovu kwenda kununua vitenge huko Kasulu. Ni mtu mkimya. Ukimpa chai atakunywa, ukimuuliza habari atakwambia ni nzuri.

Kwanza nikueleze maisha ya hapa, maana swali lako la kila mara ni ninakula nini. Nakula maharage, na ugali wa muhogo, na mchicha ambao wao huuita lengalenga. Dagaa wa Tanganyika wapo, huitwa ndagala, ila tangu petroli ilipokuwa ngumu kupatikana hawafiki huku wakiwa wengi. Magari hupanga foleni kwenye vituo vya mafuta siku nzima. Mtu huliacha gari lake kwenye mstari akaenda kazini kwa miguu, na jioni akarudi kulikuta palepale. Jumamosi asubuhi watu wote hutoka kufanya kazi za pamoja. Mtaa wetu hufyeka majani na kuzibua mitaro, na hakuna duka linalofunguliwa mpaka kazi iishe. Mimi hupewa fagio kwa sababu walishaona ninavyoshika jembe.

Naishi mtaa wa Waswahili, kwa Mama Amisa. Yeye hushona sare za shule sokoni, na nyumba yake ni ya vyumba vilivyozunguka ua. Changu ni cha pembeni karibu na jiko, kwa hiyo baridi ya Gitega hainipati sana. Ni Waislamu, nami kila Jumapili nakwenda kanisani, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa jambo. Mwezi wa Ramadhani hunifunikia chakula cha mchana ingawa wao wamefunga. Mama Amisa anachonisumbulia ni lugha. Siku za kwanza alikuwa akinisikiliza, kisha anacheka mpaka anashika mbavu. "We Upendo," aliniambia, "Kiswahili yako iko ya redio. Ongea kama watu." Siku hizi nikiwa sokoni nasema iko, nasema mi na we, na wauzaji hawaniongezei bei. Nikikuandikia wewe narudi kwenye kile cha redio.

Chuoni kwetu wauguzi ni Kifaransa mtindo mmoja. Miezi ya mwanzo nilikuwa naandika sauti tu, kama nilivyozisikia, na jioni mwenzangu Raissa ananieleza zilikuwa na maana gani. Sasa najua majina ya mifupa yote kwa Kifaransa, na mengi yake siyajui kwa lugha nyingine yoyote. Walimu huniita Mtanzania. Wagonjwa pia, nikifungua mdomo kuzungumza Kirundi, husikia Kiha ndani yake na kuniuliza nilitoka lini ng'ambo. Unakumbuka shuleni Kasulu nilivyoitwa Mrundi, na kwamba vyuo vya huko havikuniruhusu kwa sababu hiyo. Hapa nina kitambulisho cha nchi na nahesabiwa mgeni. Sikulalamika huko na silalamiki huku. Naandika ujue jinsi kulivyo.

Nyarusange kwa mjomba nakwenda mara mojamoja, kwa miguu ikibidi. Kaka yako ni mzima, mvi zimemwingia. Nilimuuliza kama ulivyoniagiza, kuhusu wewe kurudi. Alifikiri, akanionyesha shamba lake kutoka mlangoni, nami nikaliona lote bila kugeuza shingo, na ana watoto sita. Akasema dada yake akirudi atampa pa kulala, lakini hana pa kumpa apige jembe. Mkewe alikuwa anasikiliza. Sikumlazimisha kusema zaidi.

Sasa nafika kwenye lile jingine uliloniagiza. Ulisema huko mnakokaa watu wasio na karatasi za ukaazi wanaulizwa zaidi kila mwezi, na kwamba nikipata nafasi nifike Mwakiro, mkoa wa Muyinga, nilitazame shamba la baba. Mipaka ya mikoa imebadilishwa majuzi na jina la mkoa ni jingine, ila watu wote bado wanasema Muyinga. Ulinipa yale aliyokuwa akiyasema baba mwenyewe: mteremko unaotazama kijito, mibuni ya babu, mparachichi mpakani. Wewe hukuwahi kufika. Ulikutana naye kambini, akiwa amefika peke yake.

Mwanzo wa mvua chuo kilitugawa kwenda mazoezini. Mimi nilipangiwa hapahapa Gitega. Raissa alipangiwa kituo cha afya Mwakiro, naye ana mtoto mchanga, kwa hiyo tukabadilishana. Mwalimu wa mazoezi alituuliza mara moja kama tuna hakika, akafuta, akaandika. Nilingoja gari mpaka lilipopata petroli. Nilifika Muyinga mjini nikalala kwa ndugu wa Mama Amisa, na kesho yake nikaendelea kwa pikipiki hadi kituoni. Kazi ilikuwa chanjo, malaria, na akina mama wanaojifungua. Niliipenda. Watu wa kule ni wakulima, wanakuja wakiwa wamechelewa na hawasemi panapouma mpaka upaguse.

Jumapili ya pili nilikodi baiskeli. Nilimuuliza kijana mwenye baiskeli kama anajua kulikokuwa shamba la Nazario, aliyekimbia wakati wa vita. Akasema, "Hiyo ni kwa Efrazia." Nikadhani Efrazia ni mtu aliyenunua, au aliyeingia tu baada ya wenyewe kuondoka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Ningetaja jina la baba na la babu, ningesema sikuja kwa ugomvi, ningeomba kuonyeshwa mipaka tu.

Nilimkuta mama mmoja amekaa mkekani mbele ya nyumba ya matofali mabichi, anachambua maharage ya mbegu. Ni mwembamba, anakaribia miaka hamsini, jicho moja linamtoka machozi bila kulia. Mibuni ilikuwepo. Mparachichi ulikuwepo. Nikamwamkia kwa Kirundi. Alinitazama usoni, kisha akanitazama masikio kwa muda mrefu. Masikio yangu unayajua, mama, na unajua yametoka kwa nani. Kabla sijataja jina lolote akasema, "Umetangulizwa na Nazario."

Nikamuuliza anamjuaje Nazario.

"Ni mume wangu," akasema, kwa sauti ileile ambayo mtu angesema hili ni kapu langu. Kisha akainua shingo kutazama nyuma yangu, kwenye kijia nilikotokea, akauliza, "Yuko wapi? Amechoka njiani?"

Mwalimu wetu mmoja alitufundisha namna ya kumwambia mtu habari ya kifo. Kaa chini kwanza. Tumia neno lenyewe, usizunguke. Kisha nyamaza. Nikakaa kwenye mkeka wake. Kirundi kina neno la upole kwa jambo hili, na kina neno gumu; nilitumia gumu. Nilisema Nazario amekufa. Alikufa Tanzania, kwa ugonjwa wa kifua, nilipokuwa na miaka tisa. Mimi ni mtoto wake. Kisha nikanyamaza.

Aliendelea kuchambua maharage. Yaliyotoboka aliyatupa kwa kuku, mazima akayaweka upande. Alipofika mwisho wa ungo akaanza kuuliza, moja baada ya jingine, kama muuguzi anayepokea zamu. Aliumwa muda gani. Alikuwa anakula. Nani alimshika. Nani alimwosha. Nikajibu kama nilivyokumbuka, na jibu karibu kila mara lilikuwa wewe. Mwishoni akauliza nani alimzika. Nikasema, "Mama yangu." Akasema, "Alikuwa na mtu wa kumzika. Ni vizuri."

Yaliyobaki alinieleza yeye, nami nakufikishia bila kuongeza. Waliishi pamoja mavuno mawili. Vita vilipofika kwenye kilima chao, maana huku kijiji huitwa kilima, wanaume walikimbilia mpakani; yeye alikuwa na mimba kubwa, akajificha kwenye mafunjo ya kijito pamoja na mama mkwe, na mkwe akafia humo. Miaka ikapita akiamini amekuwa mjane. Ndipo mtu mmoja mchuuzi wa chumvi akapita akasema amemwona Nazario kambini, mzima, anabeba matofali. Tangu hapo akangoja. Walikuja wanaume kumposa, akawajibu ana mume. Aliniambia, "Yule wa chumvi angesema amekufa, ningelia, nikamaliza, nikaolewa."

Nikamsaidia kuanika mbegu.

Yule aliyekuwa tumboni anaitwa Adriano. Alirudi mchana na mzigo wa majani ya mbuzi kichwani. Alipoutua nikaona masikio. Mama yake akamweleza kwa maneno machache. Yeye anajua Kiswahili, cha huku, kwa sababu kila msimu huvuka kwenda Ngara kulima mashamba ya watu, nami nadhani alikitumia ili mama yake asifuate kila kitu. Alisema, "Mi nilivuka huko mara mingi. Kila mutu ya kambi nilikuwa namuuliza Nazario. Watu ya hapa walirudi, wengine walituma barua, wengine walituma hata sabuni. Yeye hakutuma hata salamu. Kwa nini?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia jambo moja tu ninalokumbuka, kwamba baba akiulizwa habari za kwao alikuwa akijibu, nyumba yangu iliisha. Nilikuwa mtoto, nilidhani anasema kuta. Sasa sielewi kama aliambiwa wamekufa, au kama alikuwa anajiambia mwenyewe. Adriano akaitazama ile nyumba ya matofali mabichi. "Haikuisha," akasema. "Iko hapa."

Halafu akauliza, "Uko na kaka?"

Mama, nilielewa anachouliza. Kwa desturi yao binti hapewi udongo, kwa hiyo mimi nilikuwa mgeni wa kulishwa na kusindikizwa. Kaka ni neno jingine. Nilifikiri kusema sina. Ingekuwa rahisi, tungekula, na ningerudi kituoni. Nikafikiri pia juu yako na Fredi, na milango mnayogongewa huko. Nikasema ninaye, anaitwa Fredi, ana miaka kumi na saba. Adriano aliyapeleka majani kwa mbuzi, akatoka. Efrazia alipakua viazi vitamu na maharage, tukala wawili. Sehemu ya mwanawe aliifunika.

Wiki nzima sikusikia kitu. Siku ya chanjo nilimwona Efrazia kwenye benchi, katikati ya akina mama wenye watoto wachanga, yeye peke yake mikono mitupu. Hakutaka kupita mbele. Alingoja mpaka mtoto wa mwisho alipochomwa sindano, ndipo akanijia. Alisema Jumamosi wataweka msiba na kuumaliza siku hiyohiyo, kwa kuwa muda umepita mno, na kwamba anaomba nisikose. Nikamuuliza kama Adriano anajua ananialika. Akasema, "Yeye ndiye amekamua ndizi za pombe."

Nilikwenda. Watu wa kilima kizima walikuja, wazee kwa vijana, na wale waliorudi kutoka Tanzania ambao Kiswahili chao ni kama chetu. Palikuwa na pombe ya ndizi kwenye mitungi, na mirija, na vigogo vya kukalia. Hakukuwa na kaburi, kwa hiyo padre hakuja, ila katekista alisoma sala. Mimi nilikaa nyuma pamoja na wasichana. Efrazia akatuma mtu kunitoa, akanikalisha mkekani kwake, bega kwa bega. Watu walitazama masikio yangu.

Katika kumaliza msiba, mzee mmoja husimama na kuuliza mbele ya wote marehemu ameacha nani. Kinachojibiwa pale hakifutiki. Hata chifu wa kilima akija na kesi baadaye, ataanzia kwenye jibu hilo. Mzee akauliza. Adriano akasimama. Alikuwa na shati la kuazima, mikono mifupi kwake. Nilijua anaweza kusema ni yeye peke yake, na hakuna mtu pale angempinga, hata mimi.

Alisema, "Nazario ameacha watoto watatu. Mimi Adriano. Huyu Upendo. Na Fredi, aliye Tanzania." Akaendelea, "Na ameacha mke, mama yangu Efrazia." Akataka kukaa.

Efrazia akamvuta shati. Hakusimama, lakini alisema kwa sauti waliyoisikia mpaka walioko kwenye mibuni. "Hujamaliza," alimwambia. "Sema na aliyemzika."

Adriano alinitazama, kwa maana hakulijua jina lako. Nikamwambia polepole. Akanyooka tena, akasema, "Na Imelda, aliyemzika." Mzee akarudia yale majina yote, na watu wakaitikia, kama wanavyoitikia kanisani.

Nilikuwa sijalia tangu siku ulipofunga kaburi la baba kwa mawe. Nililia pale. Nakuandikia ili usije ukayasikia kutoka kwa wengine.

Kabla sijaondoka Adriano alinizungusha mipaka. Shamba ni dogo kuliko alivyolisimulia baba. Sehemu ya chini karibu na kijito Efrazia aliiuza zamani, mwaka wa njaa, na haitarudi. Adriano ana mke na watoto wawili. Hakunipamba maneno. "Fredi akikuja, atakuja kwa baba yake," aliniambia. "Siwezi kumufukuza, nilishasema mbele ya watu. Lakini ajue udongo haitoshi. Atalima, nitalima, tutagombana." Nikamwambia nitalifikisha hivyo hivyo, na nimelifikisha.

Kuhusu wewe, Efrazia alisema nyuma ya jiko lake kuna mahali panaweza kusimama nyumba. Hakusema njoo, na hakusema usije. Nami nikuambie lisilosemwa: ukija, watu wa kilima watakuita mke mdogo. Utakuwa umekuja kwenye nyumba yenye mwenyewe, na yeye amengoja hapo muda mrefu kuliko umri wangu. Sijui kama baba alikuambia habari zake. Kama ulijua, sikuulizi. Kama hukujua, nasikitika kwamba umejua kwa karatasi, na mimi niko mbali. Lifikirieni wewe na Fredi bila haraka, kama huko mtapewa nafasi ya kutokuwa na haraka. Mtakaloamua nitalipeleka Mwakiro kwa miguu yangu, kwa kuwa nimewaahidi nitarudi, mazoezi yakiwepo au yasiwepo.

Kwa sasa nimesharudi Gitega. Mitihani inaanza wiki ijayo na Mama Amisa ameshanipunguzia zamu ya kuosha vyombo. Anakusalimu sana, anasema umezaa mtoto anayekula kidogo na kusoma sana, na kwamba yote mawili ni ugonjwa. Mjomba anakusalimu. Mpe Fredi mkono wangu, umwambie ana kaka mkubwa ambaye si mkarimu na si mwongo.

Salamu ya mwisho si yangu, nimetumwa. Efrazia alinisindikiza mpaka barabarani akiwa ameshika mkono wangu, na baiskeli ilipofika alinipa maneno haya, akanitaka niyarudie ili aone kama nimeyashika. "Mwambie Imelda nimeshukuru. Mimi nilimngoja hai, yeye akamtunza akifa. Mwambie anitumie jina la mahali alipolala, nimwombee nikijua pa kuelekea."

Mwandikie, mama. Othmani atangoja siku mbili huko Kasulu kabla ya kurudi.

Ni mimi mwanao anayekuheshimu,

Upendo